Mustang 1966 (289): nianze na springi, shokapu au nitoboe mashimo ya mkono wa juu?

Coupe66_Houston

Wakuu, salamu. Nina Mustang ya 1966, coupe, injini 289, gia otomatiki, usukani wa pawa, breki za mbele bado za ngoma. Bodi ni nzima, kutu kidogo tu chini ya betri. Miguuni karibu kila kitu ni cha zamani, isipokuwa shokapu za gesi ambazo hazijafika miaka miwili.

Dalili ni hizi. Barabara kuu, maili 65 kwa saa, gari halishiki mstari. Muda wote nausahihisha usukani. Nikikanyaga breki pua inazama. Kwenye kona linalala sana na pua inataka kwenda nje. Kwenye tuta dogo kuna mlio mmoja mzito, "koh", mbele upande wa dereva. Nikipima toka chini hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, mbele kushoto kumeshuka robo tatu ya inchi kuliko kulia.

Wauzaji wananipa njia tatu:

A. Seti ya bushi zote za poliyurethini na stebilaiza ya mbele (fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona) ya inchi 1 na 1/8.
B. Springi za mbele za 620 zinazoshusha inchi moja, springi za bapa za nyuma za majani manne na nusu, na shokapu mpya.
C. Kukata minara ya springi na kuweka mguu wote wa mbele wa mtindo wa Mustang II, wenye usukani wa reki (wa meno).

Gari ni la mtaani na safari za wikendi, labda siku moja moja mashindano ya kuzunguka koni uwanjani. Sitaki liwe gumu kama mkokoteni. Pia natamani kuhama rimu za 14 kwenda 15. Mngeanza wapi?

Mwinyi_Muscat

Ndugu yangu, funga pochi kwanza. Katika dalili zako, ile ya kuyumba na ile ya mlio ni uchakavu mtupu. Ukiweka springi ngumu juu ya viungo vilivyokwisha utapata gari linaloyumba vilevile, ila sasa linakupiga na mgongo.

Anza kwa kupima, na hapa watu wengi hukosea. Kwenye gari hili springi haikalii mkono wa chini. Imekaa juu ya mkono wa juu, na kichwa chake kimeingia ndani ya mnara wa bodi. Kwa hiyo bolojointi (kiungo cha kichwa cha mviringo) inayobeba mzigo ni ya juu. Jeki iweke chini ya chasisi, mguu uning'inie, halafu shika tairi juu na chini ulitikise. Ukiweka jeki chini ya mkono wa chini, kama ulivyozoea kwenye magari mengine, springi bado inaikandamiza bolojointi na haitaonyesha mchezo hata kama imeliwa.

Kisha shika tairi kulia na kushoto kwake, mwenzio atazame tairodi za ndani na za nje. Angalia pia mkono wa kufuata usukani, ule uliofungwa kwenye chasisi upande wa abiria. Ukiusukuma juu na chini kwa mkono usicheze.

Kwa kuwa una pawa, kuna kitu ambacho wenye usukani wa kawaida hawana: valvu ya pawa iliyofungwa kwenye mkono wa boksi la usukani. Ndani yake kuna kichwa cha mviringo kinacholika. Mwenzio auzungushe usukani kidogo kidogo, injini ikiwa imezimwa, wewe uwe chini umeshika hapo. Ukisikia mkono wa boksi unasogea kabla fimbo ya usukani haijasogea, umempata mwizi wa mstari wako wa maili 65.

Mlio wa "koh" mara nyingi hutoka sehemu mbili. Ya kwanza ni bushi za strati rodi, ile fimbo inayotoka mkono wa chini kwenda mbele. Kuijua ni rahisi: gari liende polepole sana uwanjani, dereva agonge breki, wewe simama kando utazame tairi. Likirudi nyuma ndani ya mwanya wake, bushi zimekwisha. Ya pili ni kikalio cha springi, kile kipande kilicho juu ya mkono wa juu. Kina bushi ya raba iliyogandishwa na chuma; ikichanika inagonga, na ikikauka inalia kama kitanda cha gesti.

Ile tofauti ya robo tatu usiiamini haraka kuwa ni springi ya mbele. Egesha gari sakafu sawa. Weka jeki katikati kabisa ya difu, inua inchi moja hivi, tairi za nyuma zikiwa zimeachia sakafu. Usiingie chini, pima tu. Difu sasa linacheza juu ya kichwa cha jeki, kwa hiyo nyuma haiwezi tena kuilazimisha mbele ilale upande mmoja. Tofauti ikipotea, ugonjwa uko nyuma. Ikibaki ileile, uko mbele.

Leta majibu, ndipo tuongee manunuzi.

V8_Nakuru

Boss, mimi naona C. Ukiweka Mustang II unapata reki, unapata diski, na injini inapata nafasi hata kesho ukitaka kubwa zaidi. Hiyo teknolojia ya minara ni ya Falcon, gari la bei nafuu la 1960. Kwa nini uweke pesa kwa kitu cha zamani? Na bushi za poli weka zote, raba inaoza tu.

Mwinyi_Muscat

V8_Nakuru, la nafasi ya injini nakupa. Mtu anayeweka injini pana ana sababu ya kukata minara. Lakini huyu ana 289, inakaa vizuri pale ilipo.

Tazama mzigo unakwenda wapi. Gari hili halina fremu kamili. Kiwandani uzito wa mbele hupanda kwenye minara, ukagawanywa kwenye kuta za injini na kwenye ukuta wa mbele wa kabini. Ukikata minara, mzigo wote unaangukia reli mbili za chini ambazo hazikutengenezwa kuubeba peke yake. Inafanyika, lakini inataka fundi wa kuchomelea anayejua kuongeza mabamba na kupima pembe, siyo seti na wikendi moja. Tena jina lisikutishe: Mustang II ya 1974 hadi 1978 ilikuwa gari dogo la kiuchumi, siyo la mbio.

Kuhusu poli, kuna mahali inafaa na mahali inavunja chuma. Kwenye viungo vya stebilaiza weka bila wasiwasi. Kwenye strati rodi USIWEKE. Ile fimbo mwisho wake wa mbele lazima upinde kidogo kila mkono wa chini unapopanda na kushuka. Raba inakubali kupinda. Poli inakataa, na chuma ndicho kinachopinda badala yake, maelfu ya mara, mpaka kinakatika penye nyuzi. Fimbo ikikatika ukiwa kwenye breki, tairi linarudi nyuma na usukani si wako tena. Weka raba mpya za ubora, au strati rodi za kurekebishika zenye kichwa cha beringi. Hizo za pili ni ghali, zinapitisha kelele kidogo, lakini zinakupa faida ya kasta (mlalo wa mhimili wa kugeuzia tairi, ukilitazama gari kwa ubavu) nitakayoieleza.

Sasa kitu ambacho hakimo kwenye A, B wala C, na kwangu ndicho cha kwanza baada ya viungo vipya: kushusha egemeo la mkono wa juu inchi moja. Wengine huita Shelby drop, wengine Arning drop kwa jina la Klaus Arning, mhandisi wa Ford aliyechora jiometri hiyo. Shelby GT350 za 1965 zilitoka nayo. Gharama yake ni drili na nusu siku.

Kwa nini inafanya kazi: mkono wa juu ulivyo kiwandani, gari likilala kwenye kona, tairi la nje linaegemea nje kwa juu na kukanyaga kwa bega. Pua inakwenda nje. Ukishusha egemeo la ndani, mkono unakuwa umeinama kuelekea ndani. Tairi likipanda, kichwa chake kinavutwa ndani na linakanyaga kwa upana wote. Hujaongeza ugumu wa springi hata chembe.

Kazi yenyewe:

Gari likae kwenye stendi chini ya chasisi, tairi nje. Toa shokapu kwanza. Iko katikati ya springi, kwa juu imeshikwa na kifuniko cha mnara, kwa chini na nati mbili kwenye kikalio. Bana springi kwa kibanio cha ndani kinachopita juu ya mnara. Vile vibanio viwili vya pembeni vya magari ya Kijapani haviingii, hakuna nafasi. Na tafadhali, springi iliyobanwa usiielekezee uso wako wala wa mtu.

Fungua mkono wa juu, spindo (kipande kinachobeba tairi) ifunge kwa waya isije ikaning'inia kwenye mpira wa breki. Hesabu vipande vya shimu (vibamba vyembamba vya kuongeza unene) vilivyo nyuma ya kila bolti na uviandike: mbele kushoto vingapi, nyuma kushoto vingapi.

Funga kielelezo (bamba la kuonyesha matundu mapya) kwenye matundu ya zamani. Matundu mapya yanakwenda inchi 1 chini na 1/8 ya inchi nyuma, upande wa kabini. Piga alama kwa sentapanchi, toboa kwa drili ndogo ya 1/8, kisha 1/4, kisha 3/8, mwisho 17/32. Ukikimbilia kubwa moja kwa moja, drili inatembea na tundu linakuwa yai. Safisha ncha, paka rangi ya kuzuia kutu, rudisha mkono na shimu zilezile.

Ishia inchi moja. Ukishuka zaidi, bolojointi ya juu inafika mwisho wa pembe yake na kuanza kugonga, na hapo unahitaji kabari maalumu kuigeuza. Kumbuka pia pua yenyewe itashuka kama nusu inchi au zaidi kidogo, kwa sababu springi inakalia mkono ulioshushwa. Wengi wanasahau hili, wanaweka na springi ya kushusha inchi moja, kisha wanauliza kwa nini raba za kugotea zinapiga kila tuta.

MajaniManne_Mwanza

Mkuu Coupe66, habari. Nyuma niachie mimi, springi za bapa ndizo zinabeba nchi hii.

Kitu cha kwanza, usidanganywe kuongeza jani moja juu ya majani yaliyochoka. Jani jipya linabeba peke yake, ya zamani yanafuata tu, unapata ugumu bila kimo. Kupeleka kwa mhunzi akazikunje upya kunawezekana, lakini chuma cha miaka hiyo kikikunjwa bila kupashwa moto na kupozwa inavyotakiwa kinarudi kulala baada ya miezi. Kwenye lori la mchanga sawa, unakunja tena. Kwenye gari lako nunua jozi mpya, zote mbili, hata kama iliyolala ni moja.

Majani manne na nusu ya kushusha kidogo ni chaguo zuri kwa matumizi yako. Majani matano ni ya mtu anayevuta trela au anayetaka kuruka kwenye kiti.

Wakati wa kufunga:

Bolti ya jicho la mbele karibu kila mara imeoana na bomba la bushi. Usipoteze siku nzima na mafuta ya kulainisha. Kata kwa msumeno wa umeme pande zote mbili, ila uwe na bolti mpya mkononi kabla ya kuanza. Shako za nyuma (viungo vinavyoshika ncha ya nyuma ya springi) pia mpya. Yubolti (bolti za umbo la U) hazirudiwi, zimeshavutika.

Jeki ishike difu, stendi ziwe chini ya bodi. Fungua shokapu, na macho yako yawe kwenye mpira wa breki unaoshuka kwenye difu; ukiliachia difu lishuke bila kufikiri unauchana.

Kichwa cha senta bolti lazima kiingie kwenye tundu la kikalio cha difu. Ukikaza yubolti kikiwa nje, utahisi zimekaza, lakini difu litakuwa limekaa mshazari na gari litatembea kama mbwa, nyuma haifuati mbele. Pima toka senta bolti hadi alama moja kwenye chasisi, kushoto na kulia, zilingane.

Kanuni ambayo wengi wanairuka: bushi za raba za jicho na shako usizikaze gari likiwa linaning'inia. Weka nati zishike tu, shusha gari chini kwa uzito wake, lisukume mbele na nyuma, ndipo ukaze. Ukizikaza zikiwa zinaning'inia, raba imeshikwa katika hali ile. Gari likishuka inabaki imesokotwa muda wote. Kimo kinakuwa cha uongo, ugumu unaongezeka na bushi inachanika mapema. Bushi ya mkono wa chini wa mbele ni hivyohivyo. Za mkono wa juu za kiwandani ni chuma chenye nyuzi, zenyewe zinataka grisi tu.

Ukishashusha nyuma, angalia pembe ya pua ya difu na propela. Ukianza kusikia mtetemo ambao haukuwepo, kabari za vyuma kati ya springi na difu hurekebisha, na ncha nene ikielekea vibaya mtetemo unazidi.

Stebilaiza ya nyuma usinunue sasa.

Coupe66_Houston

Asanteni sana. Nimepima kama mlivyoelekeza:

Bolojointi za juu hazichezi. Tairodi ya nje kulia inacheza. Valvu ya pawa: mkono wa boksi unasogea karibu robo inchi kabla fimbo haijafuata. Strati rodi upande wa dereva, bushi ya nyuma imebaki nusu, na tairi linarudi nyuma kwa macho kabisa nikigonga breki. Kikalio cha springi upande huohuo raba imechanika.

Jeki kwenye difu: tofauti ya mbele imetoka robo tatu hadi kama robo ya inchi.

Nimejaribu pia kuweka bomba la Monte Carlo nililopewa bure kati ya minara. Haliingii, linazidi kwa 1/8 ya inchi. Nimepewa bomba baya au?

Na nina jamaa ana rimu za 15 za Toyota, karafuu (bolti za tairi) tano, matundu yanalingana. Zinaweza kukaa?

Mwinyi_Muscat

Sehemu kubwa ya kulala kwake inatoka nyuma basi. Ungenunua springi za mbele peke yake ungebaki na tofauti hiyohiyo na kuanza kumlaumu muuzaji.

Bomba lako si baya, minara ndiyo imeegemeana. Uzito wa mbele umeisukuma kidogo kidogo kwa miaka yote hiyo, ndiyo maana Ford walikuwa na bresi ya kipande kimoja kwa magari ya kupelekwa nje, inayoshika minara yote miwili na ukuta wa kabini, badala ya vile vibamba viwili vyembamba vilivyo kwako. Watu huiita bresi ya ekspoti. Iweke, ni kitu rahisi na kinahisika kwenye usukani.

Kabla ya hapo safisha minara kwa brashi ya waya na tochi, ndani ya mwanya wa tairi na upande wa injini. Tafuta nyufa zinazoanzia kwenye matundu ya bolti za mkono wa juu na pembeni penye mishono. Ufa ukiwepo unachomelewa na kuwekewa bamba la kuimarisha kabla ya kutoboa chochote. Minara ikiwa mizima, 1/8 si kitu cha kutisha: inua mbele kwa chasisi, tairi zining'inie, weka jeki ndogo ya kulala na ubao kati ya minara, sukuma taratibu mpaka bolti za bomba ziingie kwa mkono. Ikigoma usilazimishe, peleka kwa wanaopima chasisi.

Rimu za Toyota: matundu ni 5 kwa 114.3, sawasawa na inchi 4.5 za Ford, kwa hiyo macho yanakudanganya. Tundu la katikati la Toyota nyingi ni milimita 60.1, na kitovu cha Ford ni karibu 70.5. Haikai mpaka uchonge karibu sentimita nzima, na nati za Toyota ni za milimita 12 wakati karafuu zako ni za nusu inchi. Achana nazo. Tafuta 15 kwa upana wa 7, yenye inchi 4 hadi 4.25 toka uso wa kufungia hadi ukingo wa ndani. Mbele weka 205/60, nyuma 215/60. Zote ni fupi kidogo kuliko 195/75R14, kwa hiyo kipima mwendo kitasoma juu kidogo.

V8_Nakuru

Sawa, nimekubali kwa hiyo ya minara. Lakini stebilaiza je? Yeye analia gari inalala kwa kona, na hiyo ya inchi 1 na 1/8 ndiyo kila mtu anauza.

Mwinyi_Muscat

Swali zuri. Ugumu wa fimbo hiyo hupanda kwa kipenyo kwa nguvu ya nne. Kutoka inchi 1 kwenda 1 na 1/8 unaona ni kidole tu, lakini ni asilimia 60 zaidi. Na stebilaiza ya mbele ikizidi, inapunguza mshiko wa tairi za mbele kwenye kona, yaani ule ugonjwa wa pua kwenda nje anaoulalamikia unabaki, ila sasa gari halilali. Dereva anafurahi kwa sababu mwili hauyumbi, lakini mstari wa kona ni uleule. Kwa huyu, inchi 1 inatosha.

Springi ndivyo hivyo. 620 inasikika kama namba ya lori, maana yake ni pauni 620 kwa kila inchi ya kubana. Lakini springi iko katikati ya mkono, tairi liko mwisho. Tairi likipanda inchi mbili, springi inabanwa kama inchi moja. Uwiano huo unaingia mara mbili, kwenye mwendo na kwenye nguvu, hivyo tairini unabaki na karibu robo, pauni 155 hivi. Si mkokoteni hata kidogo.

Kwa kuwa anatoboa inchi moja, achague 620 zenye kimo cha kawaida, au hizo za kushusha akubali pua iwe chini. Akipata ndefu na kutaka kuzikata, ni kwa diski ya kukatia, kamwe si kwa moto wa gesi. Moto unakilegeza chuma na springi inalala. Akate robo ya mzingo kwa mara moja, maana kwa uwiano uleule nusu mzingo hushusha pua kama inchi nzima. Ncha ya chini ya springi ikae ndani ya nusu inchi kutoka kwenye kizuizi cha kikalio, na ile raba ya juu isisahaulike.

Coupe66_Houston

Basi orodha yangu nimeipanga hivi, nirekebisheni. Kwanza: valvu ya pawa, tairodi zote nne, strati rodi zenye beringi, vikalio vya springi, mikono ya chini mipya pande zote. Pili: kutoboa, springi za 620 za kimo cha kawaida, bresi ya ekspoti, stebilaiza inchi 1. Tatu: majani manne na nusu, shako, yubolti. Shokapu nizibadili?

MajaniManne_Mwanza

Ningesogeza majani yaende pamoja na springi za mbele, mkuu. Ukipima kimo na kufanya alaimenti (kupanga pembe za tairi) kisha ukabadilisha nyuma, pua inapanda au kushuka, kasta inabadilika na hela ya alaimenti imekwenda.

Shokapu zako ni za miaka miwili, zibaki kwanza. Ila zikishatolewa zisimamishe wima, bonyeza hadi mwisho na uachie mara tano sita. Ikiwa na sehemu inayopita bila ukinzani, au ikiwa na mafuta kwenye shingo, ndipo ununue jozi. Nyingi za gesi za bei ya kati ni ngumu sana wakati wa kubana, na ugumu ule watu wanausingizia springi.

Kwenye vikalio nunua vyenye beringi kama mfuko unaruhusu. Vya raba vinafanya kama springi ya pili iliyofichwa, vinakataa kuzunguka. Ukivikuta vya kawaida, kaza ekseli yake kikiwa sambamba na mkono wa juu, siyo kimegeuka.

Mwinyi_Muscat

Orodha ni nzuri. Tanguliza breki: gari la 1966 lina silinda kuu ya njia moja, mpira mmoja ukipasuka unapoteza zote. Silinda ya njia mbili ilikuja 1967, na kuibadilisha si kazi kubwa. Ukiwa umeshafungua mbele yote, diski ni rahisi zaidi sasa kuliko baadaye.

Alaimenti ndiyo inayoamua kama umefanya kazi au umechezea pesa. Kompyuta ya karakana ina namba za kiwandani, na hizo ziliandikwa kwa tairi za nyuzi za mshazari za wakati ule: kasta karibu na sifuri, kemba chanya kidogo. Ukifuata hizo kwa tairi za radiali gari litayumba kama ulivyolileta. Andika zako kwenye karatasi umpe fundi:

Kemba (tairi kulala ndani au nje kwa juu): hasi nusu digrii hadi hasi robo tatu, pande zote sawa.
Kasta: chanya 2.5 hadi 3, kwa kuwa una pawa. Kushoto na kulia zisipishane zaidi ya nusu digrii.
Tou (ncha za mbele za tairi kuelekea ndani au nje): ndani 1/8 ya inchi kwa jumla. Kwa strati rodi za beringi unaweza kushuka hadi 1/16.

Fundi kijana anaweza asijue pa kurekebisha. Kwenye 1965 na 1966 hakuna bolti ya yai kwenye mkono wa chini, hiyo ilianza 1967. Kemba ni shimu kati ya ekseli ya mkono wa juu na mnara: kutoa shimu sawasawa mbele na nyuma kunavuta tairi ndani, hasi zaidi. Kasta fanya kwa strati rodi, ukiifupisha mkono wa chini unavutwa mbele na kasta inapanda. Angalia tu tairi lisije likagusa bodi kwa mbele usukani ukiwa umekatwa mwisho. Tou iwe ya mwisho, kwa sababu hizo mbili zote zinaisogeza.

Asianze kupima mpaka tangi liwe na mafuta nusu na gari limesukumwa likakaa kwenye kimo chake. Springi mpya zikishatembea maili 300 hivi zitakuwa zimeshuka kidogo; kaza yubolti tena, kisha rudi upime tou peke yake.